Waliotangulia Vitani na Amana Walizotuachia

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayehuisha na kufisha, na ambaye kwake ndiko marejeo ya kila nafsi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu zetu katika imani, kila ifikapo Julai 25 nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Askari hujipanga kwa gwaride la maombolezo, tarumbeta hulia, umati husimama kimya, kisha silaha za jadi huwekwa mnarani moja baada ya nyingine. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Baada ya hapo viongozi wa dini, masheikh wakiwamo, huombea dua nchi na waliotangulia. Kwa miaka mingi shughuli hii ilifanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Mwaka 2013 ilifanyika Kaboya, wilayani Muleba, penye makaburi ya askari wetu wa vita vya Kagera, na mwaka 2016 ilifanyika Dodoma.

Katika shughuli hiyo, watu ambao sisi huwatazama zaidi ni wale wazee wenye medali vifuani, waliokuja kuwakumbuka wenzao ambao hawakurudi. Makala yetu ya leo inawahusu wazee hao, wenzao waliolala makaburini, na familia zilizobaki nyuma. Tunataka tujiulize maswali mawili: dini yetu inasemaje juu ya kuwakumbuka waliofia vitani, na ni lipi linalobaki juu yetu pindi gwaride linapomalizika na viti vikakunjwa?

Masahaba walivyowakumbuka wenzao

Kumkumbuka mpiganaji mwenzako ni jambo lenye asili katika mwenendo wa wema waliotutangulia. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Waislamu wapatao 70 waliuawa. Miongoni mwao alikuwa Hamza bin Abdul-Muttalib (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), na Mus'ab bin Umair (R.A.), kijana aliyelelewa katika raha za Makka kisha akaziacha kwa ajili ya dini yake.

Imamu Bukhari amepokea kwamba miaka mingi baadaye Abdur-Rahman bin Auf (R.A.), ambaye Mwenyezi Mungu alikwisha mpa mali nyingi, aliletewa chakula akiwa amefunga. Alipokitazama akamkumbuka Mus'ab, aliyekuwa bora kuliko yeye kwa maneno yake mwenyewe, jinsi alivyouawa na kukosa sanda ya kumtosha: wakimfunika kichwa miguu hubaki wazi, wakimfunika miguu kichwa hubaki wazi. Akamkumbuka na Hamza. Kisha akaogopa isije ikawa malipo ya mema yao wale waliobaki yameharakishwa hapa duniani. Akalia, na chakula kile hakukila. Khabbab bin Al-Aratt (R.A.) naye alikuwa akiwasimulia watu habari ya Mus'ab namna hiyohiyo, akieleza kuwa walimfunika kichwa kwa shuka lile na miguuni wakamwekea majani ya idhkhiri kwa amri ya Mtume (S.A.W.).

Tutafakari hali ya masahaba hawa. Wao ndio waliobaki hai, wakaziona neema zilizopatikana kwa jasho na damu ya wenzao, na kila neema iliyowafikia iliwakumbusha aliyeikosa. Mzee wetu anayesimama mbele ya mnara huku machozi yakimlengalenga ana walio bora kuliko yeye waliomtangulia katika hali hiyo. Asionekane kuwa ni dhaifu.

Mtume mwenyewe (S.A.W.) hakuwasahau watu wa Uhud. Uqba bin Amir (R.A.) amesimulia kuwa baada ya miaka minane aliwaombea mashahidi hao mithili ya mtu anayewaaga walio hai na waliokufa. Hiyo ilikuwa ni mwishoni mwa uhai wake, dola imekwisha simama na Makka imekwisha funguliwa, na bado wale waliolala chini ya mlima ule walikuwa na haki yao katika dua yake.

Aidha, katika Suratul-Ahzab, aya ya 23, Mwenyezi Mungu anawataja waumini waliokuwa wakweli katika ahadi yao Naye, akabainisha kwamba wako waliokwisha itimiza na wako wanaongoja, nao hawakubadilika. Anas bin Malik (R.A.) alieleza kuwa wakiona aya hii imeteremka kwa ami yake, Anas bin An-Nadhr, na walio mfano wake. Sahaba huyu aliuawa Uhud akiwa na majeraha zaidi ya 80, na hakuna aliyemtambua ila dada yake, kwa ncha za vidole vyake. Waliofariki na waliobaki hai wametajwa katika aya moja. Hivyo anayengoja ni ndugu wa aliyetangulia, na kipimo chake ni kutobadilika.

Watu wetu waliotangulia

Historia ya nchi yetu imejaa watu wa namna hii, na wengi wao walikuwa Waislamu. Jina la Kariakoo, tunalolitamka kila siku twendapo sokoni, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Walibeba mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao, na aghalabu makaburi yao hayajulikani. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, pamoja na Kiingereza. Herufi hizo za Kiarabu ni ushahidi wa namna babu zetu walivyokuwa wakisoma na kuandika, na ni ushahidi pia kwamba wao walikuwamo.

Katika Vita Kuu ya Pili vijana wetu walipelekwa mbali zaidi. Wapo waliopigana Uhabeshi, na wapo waliovuka bahari hadi Bama mwaka 1944, wakapigana na Wajapani katika misitu na matope ya masika ya huko. Wengine hawakurudi, na wengi wa waliorudi nao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera, yakaua raia, yakapora mali na mifugo na kuwatoa watu majumbani mwao. Jeshi la Wananchi, likisaidiwa na mgambo, liliwatoa na kuendelea mbele pamoja na wapiganaji wa Uganda hadi Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979. Mamia ya askari wetu walifariki katika vita hivyo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo ni babu mwenye mvi. Kule kusini, Naliendele mkoani Mtwara, wamelala wengine waliotoa maisha yao katika kuisaidia Msumbiji.

Hata katika miaka ya karibuni milango ya msiba haikufungwa. Julai 13, 2013 askari wetu saba wa kulinda amani waliuawa huko Darfur, nchini Sudan, na siku 12 baadaye taifa likakusanyika Kaboya kuwakumbuka mashujaa wa zamani huku likiwa na majonzi mapya. Desemba 7, 2017 kambi ya askari wetu huko Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa na wakauawa wasiopungua 14. Wajane wa vita hivi bado ni vijana, na baadhi ya watoto wao wamo madarasani hivi sasa.

Shujaa na shahidi

Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Serikali humwita aliyekufa vitani shujaa, na jina hilo analistahili kwa watu wake. Ama jina la shahidi mbele ya Mwenyezi Mungu, hilo linategemea yale yaliyomo moyoni, na yaliyomo moyoni hayajui ila Yeye. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya anayepigana kwa ajili ya ngawira, anayepigana ili atajwe, na anayepigana ili aonekane cheo chake. Jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba aliye katika njia ya Mwenyezi Mungu ni yule anayepigana ili neno la Mwenyezi Mungu liwe juu. Imamu Muslim naye amepokea kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo watakaohukumiwa ni mtu aliyeuawa vitani, naye alipigana ili aitwe jasiri.

Kwa upande wa pili, rehema ya Mwenyezi Mungu ni pana. Imesihi katika hadithi kwamba anayeuawa akiilinda mali yake ni shahidi, na katika mapokezi mengine wametajwa anayeuawa akilinda nafsi yake, dini yake au jamaa zake. Kwa hiyo familia iliyompoteza baba akiwatetea wanyonge inayo sababu ya kutaraji kheri nyingi kwake. Tunataraji, wala hatukati hukumu.

Wapo pia waliowahi kuuliza kwa unyonge: vipi kuhusu ndugu yetu aliyekufa akipigana na jeshi la mtawala aliyekuwa Mwislamu? Suratul-Hujurat, aya ya 9, imetoa mwongozo. Makundi mawili ya waumini yakipigana, la kwanza ni kusuluhisha; na ikiwa moja linalidhulumu jingine, basi hupigwa lile linalodhulumu mpaka lirejee katika haki. Uislamu wa mtu haumhalalishii kuvamia ardhi ya jirani na kumwaga damu za wasio na hatia. Aliyezuia dhulma hiyo hana la kuonea haya.

Kinachomfikia maiti

Shada la maua, mizinga na ukimya wa dakika moja ni ada za kitaifa zinazowaliwaza walio hai na kuwafundisha vijana historia. Maiti aliyemo kaburini anahitaji kitu kingine. Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Katika Suratul-Hashr, aya ya 10, Mwenyezi Mungu amewasifu waliokuja nyuma kwa kuwaombea msamaha ndugu zao waliowatangulia katika imani na kuomba nyoyo zao zisiwe na chuki.

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu thawabu za kisomo cha Qur'ani, iwapo zinamfikia maiti au la. Ama dua, sadaka na kumlipia deni, hayo yanakubalika kwa wote. Basi kila nyumba na ishike lile wanalokubaliana wote kabla ya kugombana kwa lile wanalohitilafiana, kwani ugomvi juu ya kaburi la marehemu haumfai kitu.

Familia nyingi husononeka kwa kuwa kaburi la mpendwa wao liko mbali. Mtu wa Tanga au wa Unguja huenda hajafika Kaboya hata mara moja katika maisha yake. Tunawaambia wapoze nyoyo. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia kuwa watu waliwabeba maiti wao kutoka Uhud ili wawazike karibu na majumbani, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha warudishwe wakazikwe pale walipouawa. Mashahidi wale walizikwa wawili hata watatu katika kaburi moja, akitangulizwa aliyehifadhi zaidi Qur'ani. Umbali wa kaburi haupunguzi heshima ya marehemu, na dua haina nauli. Mwenye kuweza kuzuru na azuru, kwani kuzuru makaburi hukumbusha Akhera. Asiyeweza, na anyanyue mikono pale alipo.

Deni, wasia na mirathi

Sasa tufike kwenye amana nzito zaidi. Imamu Muslim amepokea kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Tuizingatie hadithi hii vizuri: mtu ametoa roho yake, na bado deni la watu linamngoja! Abdullah, baba yake Jabir, aliuawa Uhud akaacha mabinti na deni la tende. Jabir alipowaendea wadai akaona mazao ya shamba hayatoshi. Mtume (S.A.W.) hakumwambia kuwa baba yako ni shahidi, basi yamekwisha. Alikwenda mwenyewe penye malundo ya tende, akaomba baraka, wadai wakapimiwa haki zao zote na tende zikabaki. Jabir kwa upande wake alioa mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla badala ya msichana, ili awepo mtu mzima wa kuwalea dada zake wadogo. Hivyo ndivyo kijana mwema alivyomkumbuka baba yake.

Pili ni wasia. Askari hufa safarini, mbali na jamaa zake, na mara nyingi mtu wa mwisho kumsikia ni mpiganaji mwenzake. Suratul-Maida, aya ya 106, inazungumzia hali inayofanana na hiyo: mtu akifikiwa na mauti akiwa safarini, washuhudie wasia wake watu wawili, na pakiwa na shaka juu yao wataapa baada ya swala kwamba hawatauuza ushahidi wao wala kuuficha. Enyi wazee wetu mliorudi salama! Ikiwa mwenzako alikwambia kuwa anadaiwa na fulani, au ameacha shamba mahali fulani, au ana mtoto asiyejulikana na jamaa zake, hiyo ni amana iliyo shingoni mwako hata ikiwa imepita miaka 40. Itoe kabla hujaitwa wewe.

Tatu ni mirathi. Wengi wetu hatujui kuwa aya ya mirathi imepokewa kuwa iliteremka kwa sababu ya familia ya mtu aliyeuawa vitani. Mke wa Sa'd bin Ar-Rabi' (R.A.) alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa na mabinti wawili, akamweleza kuwa baba yao aliuawa Uhud, na ami yao ameichukua mali yote bila kuwaachia chochote, ilhali bila mali hawataolewa. Mtume (S.A.W.) akangoja hukumu ya Mola wake. Ilipoteremka aya ya 11 ya Suratun-Nisaa, alimwita yule ami akamuamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachosalia kiwe chake.

Kwa hesabu nyepesi, mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti hupata 16, mjane 3, na ndugu wa marehemu 5. Yule aliyetaka vyote 24 akarudishwa kwenye 5, na kaburi la ndugu yake wa damu lilikuwa bado bichi. Wangapi miongoni mwetu husimama mbele ya watu wakimsifu marehemu kaka yao kuwa alikuwa shujaa, kisha wakirudi nyumbani wanamfungia mjane mlango na kugawana mabati na ng'ombe? Huyo amemheshimu kaka yake kwa ulimi na kumdhulumu kwa mikono. Suratun-Nisaa, aya ya 10, imewatahadharisha wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kuwa wanachokiingiza matumboni ni moto.

Utaratibu wa sharia ni wazi: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, kisha warithi. Kwa upande wa serikali, msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama ili apate nguvu ya kufuatilia haki za marehemu. Mishahara na haki ambazo marehemu alikwisha zistahiki kabla ya kufa ni sehemu ya mirathi. Ama fedha ambazo mwajiri huwapa wategemezi kwa kuwataja majina, hizo zina utaratibu wake, na ni vizuri wanazuoni waulizwe kabla watu hawajazigawa kwa kukisia.

Mjane, yatima na aliyepotea

Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi kwa mujibu wa Suratul-Baqara, aya ya 234, na aliye mjamzito eda yake ni kujifungua. Kwa rai ya wanazuoni walio wengi, eda huhesabiwa tangu siku ya kufariki mume, wala si siku habari ilipofika. Jambo hili ni muhimu kwa wake wa askari, kwani habari za vitani huchelewa.

Ugumu zaidi uko kwa yule ambaye mumewe hakurudi wala maiti yake haikuonekana. Umar bin Al-Khattab (R.A.) alihukumu mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya aliyefiwa, na baada ya hapo yuko huru. Katika kauli ya mwisho ya Imamu Shafi, huendelea kungoja mpaka kifo kithibiti. Kwa sababu ya hitilafu hiyo, mama wa namna hii asiamuliwe na majirani wala wifi zake. Suala lake lipelekwe kwa kadhi au mashekhe wenye elimu, nao walitazame kwa huruma, kwani umri wa mwanamke nao ni amana.

Ama mayatima, tunao mfano wa Jaafar bin Abi Talib (R.A.), aliyeuawa katika vita vya Muuta mwaka wa 8 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliwaendea watoto wake, akawakumbatia huku machozi yakimtoka. Akaagiza familia hiyo ipikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Tumeligeuza jambo hili kinyume: leo wafiwa ndio wanaopika na kukopa mchele wa kuwalisha waliokuja kuwapa pole! Mama yao alipotaja uyatima wa wanawe, Mtume (S.A.W.) alimtuliza kwa kumwambia kuwa yeye ndiye walii wao duniani na Akhera.

Umar naye, alipokuwa khalifa, alisimamishwa njiani na mwanamke aliyefiwa na mumewe akaachiwa watoto wadogo. Akajieleza kuwa ni binti wa Khufaf bin Imaa Al-Ghifari, aliyekuwapo Hudaibiya pamoja na Mtume (S.A.W.). Umar hakupita. Alimletea ngamia aliyepakizwa chakula na nguo. Mtu mmoja alipoona kuwa amempa kingi, Umar alimjibu kwa maana hii: baba na ndugu wa mama huyu waliizingira ngome kwa muda mrefu hadi wakaifungua, na sisi ndio tuliokuja kugawana mafungu yake. Hiyo ndiyo heshima ya kiongozi kwa waliopigana, nayo ilifika mpaka jikoni kwa binti yao.

Wenzetu wasio Waislamu

Katika handaki moja Mwislamu na Mkristo wamegawana maji ya chupa moja. Mzee wetu akiuliza amkumbuke vipi mwenzake asiyekuwa Mwislamu, tutamjibu kuwa maombi ya msamaha yana mipaka yake iliyobainishwa katika Suratut-Tauba, aya ya 113. Lakini wema na uadilifu havina mpaka huo, kama inavyofahamika katika Suratul-Mumtahana, aya ya 8. Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa akawakumbusha kuwa hiyo nayo ni nafsi. Basi mzee na asimame kwa heshima, amtembelee mjane wa mwenzake, amsaidie mwanawe, na aseme ukweli juu ya ushujaa wake.

Tufanye nini?

Kwanza, kila familia iliyo na marehemu wa vita iandike jina lake kamili, mwaka na mahali alipofariki na alipozikwa, na madeni yake yanayofahamika. Watoto wafundishwe jina hilo ili waliombee.

Pili, tuwaendee wazee walio hai. Idadi yao inapungua kila masika, na anapozikwa mmoja wao huzikwa pamoja naye habari za wenzake kumi. Kijana aketi na babu yake baada ya Alasiri, amuulize, aandike. Wapo wazee ambao hukosa usingizi kwa yale waliyoyaona. Hao wasikilizwe, wapelekwe hospitali inapobidi, na wasichekwe.

Tatu, misikiti iwe na orodha ya wajane na mayatima wa askari katika mtaa wake, itazame nani anastahiki zaka kwa ufukara wake na nani anahitaji ada ya madrasa au sare ya shule. Ijumaa inayofuata Siku ya Mashujaa ingefaa iwe siku ya kuiuliza orodha hiyo: nani amelipiwa deni, nani amepata haki ya mirathi, nani bado anangoja?

Gwaride la Julai 25 humalizika kabla ya Adhuhuri. Deni la marehemu halimaliziki mpaka lilipwe, na yatima haachi kuwa na njaa kwa kuwa baba yake ametajwa mnarani. Tusiwaachie wazee wetu kazi ya kuweka shoka peke yao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awasamehe Waislamu waliotangulia, ayanawirishe makaburi yao yanayojulikana na yasiyojulikana, awape subira wajane na mayatima wao, awape wazee wetu mwisho mwema, na aijaalie nchi yetu amani ili wanetu wasirithi vita. Amin.

Wabillahi taufiq.